Kilainishi Chenye Dawa ya Kuua Mbegu: Je, Ni Kinga?

Mnunuzi wa kilainishi cha tendo la ndoa mjini Mpanda, mkoani Katavi, hana budi kusoma maandishi ya pakiti. Nonoksinoli-9 huua mbegu za kiume kama sabuni: hupasua utando wa kila mbegu. Lakini dawa hiyo haibagui. Ikitumiwa mara kwa mara huchubua ngozi laini ya uke na kuvifungulia virusi vya UKIMWI mlango. Huko Nairobi, utafiti wa sifongo yenye dawa hiyo, uliochapishwa mwaka 1992, haukuona kinga, bali vidonda zaidi. Penye hatari ya maambukizo, yafaa kondomu pamoja na kilainishi cha maji kisicho na nonoksinoli-9. Mafuta ya kupikia au kujipaka yasitumiwe, kwani hudhoofisha mpira wa kondomu.