Rudi na Usirudi: Maneno ya Amri katika Mafunzo ya Waendesha Greda

Greda ni neno lililoingia katika Kiswahili pamoja na mtambo wenyewe, wala halikupata mshindani. Mitambo mingine ya barabara imekuwa na majina zaidi ya moja. Ule usukumao udongo kwa sahani ya chuma iliyo mbele huitwa buldoza. Wengine huuita katapila kwa jina la kampuni moja iundayo mitambo ya namna hiyo. Na wengi wa Tanzania huuita tingatinga, neno ambalo kwa watu wengi wa Kenya ni trekta ya shambani. Tofauti hizi zina uzito wake. Mtu akiambiwa apishe tingatinga, naye akaitazama trekta iliyo mbele yake ilhali buldoza yamjia kwa nyuma, kamusi haitamfaa kitu.

Makala haya yaeleza jinsi mwendesha greda afundishwavyo kufanya kazi pasipo kujidhuru wala kuwadhuru wenziwe. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni ya mikono na macho, na wahandisi wameieleza vya kutosha. Sehemu ya maneno hupitiwa upesi, kana kwamba kila ajuaye Kiswahili ajua pia Kiswahili cha kuamrisha mtambo wenye uzito wa tani 15 au zaidi.

Kwanza yafaa kuufahamu mtambo. Greda haikuundwa kwa kuchimba sana wala kwa kuchukua mzigo, bali kwa kusawazisha. Bledi yake, yaani ubapa mrefu wa chuma uliopinda, imening'inia katikati ya mwili, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Katika greda za kawaida urefu wake ni kama mita 3.7. Mahali pake ndipo siri ya kazi ilipo. Gurudumu la mbele likipanda juu ya jiwe, bledi iliyo mbali nyuma yake huinuka kwa sehemu tu ya kimo kile, na kwa hiyo kila mapito huacha njia iliyo sawa kuliko ilivyokuwa. Bledi hushikwa na duara la chuma lenye meno, nayo huweza kuzungushwa, kuinuliwa upande mmoja, kuteremshwa upande wa pili, au kusogezwa nje ya mwili hata ikafika mtaroni. Kwa njia hiyo barabara ya changarawe hupewa mgongo wake, mteremko wa asilimia 4 hadi 6 toka katikati kwenda kando, ili maji ya mvua yasitulie.

Bledi ikiwekwa mshazari, udongo hukusanyika kuwa tuta linalotoka upande mmoja, na udongo huo huisukuma pua ya greda upande wa pili. Mwaka 1885 Mmarekani Joseph D. Adams alibuni dawa ya jambo hilo: magurudumu yanayoweza kuinamishwa, yakaegemea dhidi ya msukumo kama mtu aegemeavyo mlango anaposukumwa kutoka nje. Greda za wakati huo zilivutwa na wanyama. Kampuni ya Caterpillar iliinunua kampuni ya greda ya Russell mwaka 1928, na mwaka 1931 ikatoa greda iliyoundwa tangu mwanzo kuwa kitu kimoja na injini yake. Umbo lile, injini nyuma, mwendeshaji katikati, bledi mbele yake, halijabadilika sana hata leo, na hatari zake nyingi zatokana na umbo hilo.

Mwendeshaji hutazama bledi. Kazi yamtaka aitazame, kwa kuwa sentimita chache zaweza kuiharibu njia. Lakini nyuma yake pana injini ndefu inayoziba macho, na greda hurudi nyuma mara nyingi, hasa penye kipande kifupi ambapo haina nafasi ya kugeuka. Huko nyuma ndiko waliko vibarua waokotao mawe katika tuta, na wapimaji wanaochomeka mambo. Hatari ya pili iko ukingoni. Udongo wa kando ya barabara mpya ni laini. Gurudumu likizama, greda hulalia mtaro, na mwendeshaji hushikwa na tamaa ya kuruka. Mafunzo humkataza kabisa. Kibanda cha greda ya sasa kimeimarishwa kwa nguzo ili kisipondeke mtambo unapopinduka, lakini nguzo hizo humlinda yule tu aliyefunga mkanda akabaki ndani. Arukaye aweza kuangukia mahali pale pale ambapo mtambo utalala. Hatari ya tatu imejificha ardhini: bledi ikigonga mwamba au kisiki, pua hutupwa upande kwa ghafla, na asiyefunga mkanda hutupwa pamoja nayo. Tena liko lile ungo la katikati, ambapo mwili wa greda nyingi hukunjwa. Asimamaye hapo injini ikinguruma amesimama katikati ya mkasi.

Kwa sababu hizi mwanafunzi hazungushwi barabarani siku ya kwanza. Huanza kwa kuuzunguka mtambo kwa miguu, akitazama magurudumu, mafuta yanayovuja, bolti za makali ya bledi, na watu walioketi kivulini mwake, kwani kivuli cha greda hupendwa sana mchana. Hupanda akiukabili mtambo, sehemu tatu za mwili zikishika wakati wote, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja. Kisha hujifunza wenzo mmoja mmoja mtambo ukiwa umesimama. Walimu wazuri humtaka ataje kwa sauti kila wenzo anaougusa na kazi yake, hata mkono na ulimi viwe kitu kimoja. Kuegesha nako ni somo zima: bledi hutuliwa ardhini, breki ya maegesho hufungwa, injini huzimwa, ufunguo hutolewa. Bledi iliyoachwa juu hushikiliwa na mafuta yaliyomo mabombani tu, na bomba moja likipasuka hakuna wa kuizuia. Ndiyo maana abadilishaye makali haingizi mkono chini yake kabla haijategemezwa kwa magogo.

Sasa maneno. Chukuliwe kwanza neno “kata”. Dereva wa lori, naye ndiye agahalabu anayekuja kujifunza greda, amezoea kwamba “kata kulia” ni kuzungusha usukani upande wa kulia. Katika greda “kata” ni kuteremsha bledi ile udongo. Kwa hiyo “kata kulia” yaweza kuwa amri ya kupinda, au amri ya kushusha ncha ya kulia ya bledi. Maana zote mbili ni Kiswahili safi, na mahali pa kazi zote mbili zina sababu ya kusemwa. Chuo hakina budi kuchagua: “kata” libaki na udongo, na kwa usukani litumike “pinda”.

“Kulia” lenyewe halina salama. Mwelekezaji asimamaye mbele akiikabili greda ana kulia kwake, mwendeshaji ana kulia kwake, nazo hazikutani. Hapa barabara yenyewe hutoa msaada: “upande wa mtaro” na “upande wa kati” haubadiliki kwa kugeuka kwa mtu, na mwanafunzi aliyezoezwa kusema hivyo hana haja ya kukumbuka nani anamtazama nani.

“Acha” nalo lina sura mbili, komesha ufanyalo, na liache lilivyo usiliguse. Likisemwa bledi inaposhuka, la kwanza lamtaka mwendeshaji afanye jambo na la pili lamtaka asifanye. “Nyuma!” yaweza kuwa amri ya kurudi, na yaweza kuwa ukelele wa kumwonya mtu kwamba nyuma yake pana kitu, yaani neno moja lamtuma mtu mahali ambapo maana yake ya pili yamkataza kwenda.

Lakini lililo kubwa kuliko yote halimo katika maana ya maneno, bali katika umbo la kitenzi. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika ngurumo ya injini silabi yenye mkazo ndiyo ifikayo sikioni. Zilizo kabla yake hufifia au hupotea. Na kikanushi cha amri, -si-, hukaa mwanzoni, mahali pasipo mkazo. Mtu apigaye kelele “usirudi!” ametamka silabi nne, na mkazo uko juu ya -ru-. Kelele ikila mbili za mwanzo, kinachomfikia mwendeshaji ni “rudi”. Amri imefika kamili, ila ni kinyume cha ile iliyotumwa.

Katika vitenzi vyenye asili ya Kibantu irabu ya mwisho hubadilika, “shusha” ikawa “usishushe”, na sikio makini laweza kuishika e ile. Hata hivyo irabu hiyo nayo haina mkazo, na si haki kuyaweka maisha ya mtu juu yake. Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havitoi hata msaada huo mdogo: “rudi” na “usirudi” huishia sauti ile ile. Ni bahati mbaya kwamba kitenzi kinachohitajika zaidi nyuma ya greda ni cha kundi hili.

Kanuni inayotokana na hayo ni nyepesi kusema na ngumu kuizoea: pasiwe na amri ya kukanusha penye mtambo unaokwenda. Asiyetaka greda irudi asiseme “usirudi”, aseme “simama”. Asiyetaka bledi ishuke aseme “inua” au “simama”. Hata “simama” lina jirani yake mbaya, “inama”, kwa kuwa yote mawili huishia sauti moja. Lakini “inama” haliamrishwi mara nyingi mahali hapo, na kibarua akilidhania greda itakuwa imekwisha kusimama. Walimu wa lugha waliozoea kuwafundisha wageni kikanushi kama jambo la sarufi tu wangefaidika kusikiliza somo hili likifundishwa kando ya injini.

Ishara za mikono zimewekwa kwa sababu hiyo hiyo, na kwa ajili ya kazi ambazo msimamizi ni Mchina au Mturuki na vibarua wanazungumza Kigogo au Kiswahili. Kanuni zake ni mbili. Mwelekezaji awe mmoja, naye aonekane. Akitoweka machoni mwendeshaji husimama bila kungoja kuambiwa. Na ishara ya kusimama yaweza kutolewa na mtu yeyote, hata kibarua wa siku ya kwanza, nayo hutiiwa.

Shida nyingine iko katika vibandiko vya mtambo. Kiwango cha Marekani kiitwacho ANSI Z535 kina maneno matatu ya hatari yenye daraja: jekundu kwa jambo ambalo lisipoepukwa litaleta kifo au jeraha kubwa, la rangi ya chungwa kwa lile ambalo laweza kuyaleta, na la manjano kwa lile liwezalo kuleta jeraha dogo au la wastani. Wafasiri wamezoea “hatari”, “onyo” na “tahadhari”. Fasiri si mbaya, ila Kiswahili hakijayapanga maneno hayo kwa ngazi. Msomaji wa kawaida hasikii kwamba “onyo” ni zito kuliko “tahadhari”. Pengine “tahadhari” humshtua zaidi, maana hutangazwa penye mafuriko na maradhi. Onyo, kwa upande wake, ni kitu apewacho mtoto mtundu au mfanyakazi mchelewaji. Mpaka ngazi hiyo izoeleke, rangi zafundisha kuliko maneno, na yafaa mwanafunzi aambiwe hivyo waziwazi.

Sheria haiko kimya. Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, wataka mitambo ya kuhamisha udongo iendeshwe na watu waliopata mafunzo yafaayo, na wafanyakazi waelezwe hatari za kazi yao. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Mtu aliyeelezwa kwa lugha asiyoitumia anapotishika ameelezwa nusu tu, kwa kuwa atakapopiga kelele atatumia ile nyingine.

Mitambo nayo haingoji. Mwaka 2007 Caterpillar ilianza kuuza greda za aina ya M, ambazo hazina usukani wa duara wala safu ya nyenzo. Vijiti viwili hufanya kazi zote, na kijiti cha kushoto ndicho kipindacho magurudumu. Mwendeshaji wa miaka mingi akipanda humo mikono yake hutafuta vitu visivyokuwapo, na “zungusha usukani” huwa amri isiyo na mahali pa kushika. “Pinda” hubaki na maana yake, kwa sababu lataja liendako gurudumu na si lifanyalo mkono. Chuo chenye greda za namna zote mbili katika uwanja mmoja humrudisha hata fundi mzee kwenye somo la kwanza, mtambo ukiwa umesimama, akigusa kijiti na kutaja kazi yake kwa sauti.