Kuzamia Kisha Kusafiri kwenda Tabora: Tahadhari kwa Wazamiaji

SWALI: Kijana wetu anazamia kwa mtungi pamoja na watalii. Akifiwa Tabora, je, apande ndege siku hiyo hiyo awahi maziko?

JIBU: AlhamduliLlaah. Asiende siku hiyo.

Zamani misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikwenda kwa miguu, na mwili ulipanda bara taratibu. Leo ni saa chache tu.

Mita 10 chini ya bahari, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji. Naitrojeni iliyomo katika hewa anayoivuta mzamiaji huyeyuka mwilini. Akipanda haraka, hutoka kwa mapovu, mfano wa soda inapofunguliwa. Hata akipanda taratibu, nyingine hubakia mwilini kwa saa nyingi. Hewa ya ndani ya ndege huweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400, na Tabora yenyewe ni karibu mita 1,200 juu ya bahari. Mapovu hupata nafasi ya kutokea hapo.

Aliyezamia mara moja asubiri angalau saa 12. Aliyezamia mara kadhaa, angalau saa 18. Kungoja saa 24 ni salama zaidi. Wa basi naye asubiri, kwani njia inapanda.

Dalili zake: maumivu ya mabega na viungo, uchovu usio wa kawaida, mwasho au mabaka ya ngozi, ganzi, miguu kukosa nguvu, kizunguzungu, kushindwa kukojoa, kupumua kwa shida.

Zikitokea, alazwe, apewe oksijeni safi, na apelekwe hospitali mara moja. Waambieni madaktari kwamba alizamia, kina gani na muda gani, ili wamtafutie chumba cha shinikizo. Asirudishwe majini. Msiseme ni shetani wa baharini mkamcheleweshea tiba. Dua na ruqya asomewe akiwa njiani.

Ama maziko, ni fardhi kifaya: wakisimama waliopo, wengine hawana dhambi. Akifika baadaye ataswali kaburini, na amuombee maiti. Kuhifadhi nafsi ni wajibu, na Suratul Baqarah, aya ya 195, inatukataza kujitia katika maangamizo.

Wazazi, wafikishieni vijana wenu haya kabla ya msiba kuwafika.

WaLlaahu a'lam.