Antena Kando ya Njia ya Ndege

Marekani kuna mitaa ambayo wakazi huegesha ndege nyumbani kama wengine wanavyoegesha gari. Mtaa wa Sierra Sky Park huko Fresno, California, ulianza mwaka 1946. Katika mitaa ya namna hii, antena ya juu ya paa inamhusu pia rubani anayetua jirani.

Wakazi hubishania urefu wa antena, ilhali la kupimwa kwanza ni mahali iliposimama. Kanuni za anga za nchi hiyo, Sehemu ya 77, huweka mteremko wa kufikirika pembeni mwa njia ya kurukia. Kwa njia ya ndege nyepesi zinazotua kwa kuona kwa macho, kuna ukanda wenye upana wa mita 76 hivi, nusu yake kila upande wa mstari wa kati. Kuanzia ukingoni mwake, kimo kinachokubalika hupanda mita moja kwa kila mita saba. Chukua nyumba iliyo mita 80 kutoka mstari wa kati, ardhi ikiwa tambarare: kikomo ni mita 6. Paa likiwa na mita 5, imebaki mita moja tu. Nyumba iliyo mita 150 ina nafasi hadi mita 16. Kwenye ncha za njia mambo ni magumu zaidi, maana huko kimo hupanda mita moja kwa kila mita 20.

Tatizo ni kwamba viwanja vingi binafsi haviguswi na kanuni hizo. Kinga ya viwanja hivyo ni masharti ambayo mnunuzi husaini. Na masharti hayo nayo yana mipaka: tangu 1996, chama cha wakazi hakiwezi kumzuia mtu kufunga antena ya televisheni, wala dishi lisilozidi mita moja, katika eneo lake mwenyewe. Kizuizi cha usalama kinaruhusiwa, mradi sababu yake iwe imeandikwa na kisizidi kinachohitajika. Milingoti ya redio za ridhaa haimo katika ulinzi huo.

Kwa hiyo sharti la "antena marufuku" ni dhaifu. Lenye kuutaja mteremko kwa vipimo lina nguvu. Unayetaka kununua nyumba huko, omba ramani ya mteremko kabla hujasaini.