Kahawa na sangara vinaposhuka pamoja

Barabara ya kutoka Muleba huingia mjini Bukoba, mkoani Kagera, kupitia Rwamishenye, na maduka ya hapo, ya mabati, saruji na vitenge, hutegemea sana fedha za aina mbili: za kahawa ya maganda kutoka vibanjani, yaani mashamba ya nyumbani, na za sangara kutoka visiwa vya Muleba kama Goziba na Bumbire. Wenyeji huona hiyo ni kinga. Mibuni isipozaa, ziwa lipo. Samaki wakiadimika, kahawa ipo.

Kinga hiyo hufaa mwaka wa ukame au wa wadudu. Dunia ikiingia kwenye mdororo, haifai kitu, kwa sababu mazao yote mawili huishia kwa wanunuzi wa nje.

Mwaka 2008 ulionyesha hivyo wazi. Bei ya kahawa ya robusta katika soko la London, iliyokuwa imevuka dola 2,500 kwa tani mwezi Machi, ilishuka chini ya 2,000 kabla ya mwaka kwisha. Mafuta ghafi yalitoka dola 147 kwa pipa mwezi Julai hadi chini ya 40 mwezi Desemba. Pamba na shaba nazo zikaporomoka. Benki ya Lehman Brothers ilipofilisika Septemba 15, watu hawakuacha kunywa kahawa. Lakini mifuko ya uwekezaji iliyokuwa imeshika mikataba ya mazao na madini ilitaka fedha taslimu za kulipa madeni, ikauza chochote chenye mnunuzi. Bidhaa zisizo na undugu wowote zikashuka kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2020 njia ilikuwa nyingine: ndege za abiria zilipozuiwa, minofu mibichi ya sangara ilikosa usafiri wa kwenda Ulaya, na Aprili hiyo robusta nayo ilikuwa karibu dola 1,200 tu.

Wachumi huogopa mdororo unaoshusha bei za kila kitu. Marekani ilionja hali hiyo mwaka 2009, bei zikapungua kwa wastani wa asilimia 0.4. Nchini Tanzania mwaka huohuo mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 12, chakula kikiwa chanzo kikubwa. Kwa hiyo mkulima wa Kagera alibanwa pande zote: anachouza kilishuka, anachonunua kilipanda. Hilo naliona ni baya kuliko mporomoko wa bei wanaousoma vyuoni, maana hata nafuu ya bidhaa rahisi hakuipata.

Kisha kuna deni, ambalo halishuki na bei. Tuchukue mfano wa mzazi aliyekopa shilingi 300,000 za ada. Kahawa ikiwa 1,500 kwa kilo, anadaiwa kilo 200. Ikishuka hadi 1,000, anadaiwa kilo 300 kutoka mibuni ileile. Akikwama hugeukia butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei anayoitaka mwenye fedha.

Juni 2009 Rais Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kukabili mtikisiko wa uchumi. Vyama vya ushirika na kampuni zilizopata hasara kwa kununua pamba na kahawa vilifikiriwa. Mwenye kibanja aliyekwisha kuuza kwa bei ya chini hakuwemo kwenye hesabu hiyo.

Ndizi peke yake hufuata njia yake. Mkungu unaoshushwa Rwamishenye haupangiwi bei London, na ndiyo maana kaya yenye migomba huvuka mdororo ikiwa na chakula. Bahati mbaya mnyauko wa bakteria wa migomba uliingia Muleba mwaka 2006, na vibanja vingi viliingia katika mtikisiko wa 2008 vikiwa tayari vimedhoofika.

Mwaka 2024 robusta ilivuka dola 5,000 London, na wakopeshaji hufuata bei nzuri. Wakati kama huo ndio wa vyama vya msingi vya ushirika kudai kifungu kimoja kwenye mikataba ya mikopo: bei ya mnada wa kahawa ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, sehemu ya deni isogezwe hadi msimu unaofuata, bila riba ya ziada.