Helikopta ya Wakaliga

Mwaka 2010, Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, ilitoka filamu iitwayo Who Killed Captain Alex? Gharama yake inatajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Ndani yake helikopta inazunguka juu ya jiji na kulipua majengo, moto unapanda, moshi unatanda. Hakuna helikopta iliyokodiwa wala jengo lililoguswa. Aliyeitia helikopta ile kwenye picha ni Isaac Nabwana, yuleyule aliyeongoza filamu na kuihariri. Vijana wa Mbinga, Mbamba Bay na Liuli, huku kwetu kusini mwa Tanzania, wanaponiuliza kazi ya efekti za picha inaanzia wapi, namtaja yeye kabla ya studio yoyote ya Marekani.

Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Kompyuta zake aliziunga mwenyewe kwa vipuri vilivyokwisha kutumika. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, na jina hilo alilitoa katika majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Utotoni hakuwa mtu wa kuingia kwenye vibanda vya video. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda kutazama filamu za mapigano, kisha anarudi nyumbani kumsimulia. Mtoto akabaki na kazi ya kuyaona mapigano yale kichwani. Naliona jambo hilo kuwa chuo chake cha kwanza, kwa sababu fundi wa efekti huanza kwa kuona kitu ambacho kamera haijakiona.

Video ya kawaida hubeba picha 25 kwa kila sekunde. Helikopta ikipita kwa sekunde nne, hizo ni picha 100, na katika kila moja lazima ikae mahali pake. Mambo matatu huiumbua: mwanga, kivuli na mtikisiko. Jua likipiga majengo kutoka kushoto, helikopta nayo ing'ae kushoto. Kamera iliyoshikwa mkononi hutikisa mandhari yote, na kitu ulichobandika kisipotikisika nayo, hata mtoto ataona kinaelea.

Ili kuondoa kuelea huko, tunaichagulia programu alama isiyohama, mathalani kona ya dirisha au jiwe jeupe, nayo inaifuata picha baada ya picha. Kisha kitu kilichobandikwa hufungwa kwenye mwendo wa alama ile. Hapa kwetu kuna mahali pazuri na pabaya pa kujifunzia. Maji ya Ziwa Nyasa yatakuchosha, maana wimbi halitulii na alama inapotea kabla sekunde haijaisha. Lakini panda milima ya Umatengo ukapige picha mashamba ya ngoro, yale yanayolimwa kwa mashimo kwenye miteremko. Kingo za yale mashimo zinaonekana wazi, zina kona nyingi na hazihami. Sijui mazoezi bora kuliko hayo.

Kitambaa cha kijani kinachotundikwa nyuma ya mwigizaji nacho kina sababu yake. Ngozi ya binadamu, nyeusi au nyeupe, haina kijani kingi, na kamera nyingi za kidijitali huipokea rangi hiyo kwa undani zaidi ya nyekundu na bluu. Kwa hiyo kompyuta inaweza kufuta kijani chote na kumwacha mtu. Akivaa kitenge chenye kijani kilekile, kitenge kinatoboka. Akisimama karibu mno na kitambaa, mwanga wake unamrukia shingoni na masikioni, na kuusafisha ni kazi ya siku nzima.

Moshi ni habari nyingine. Wakazi wa mwambao wanayajua mawingu ya wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani: ukiwa mbali unaona moshi mweusi, ukifika karibu unakuta kila mdudu anakwenda zake. Moshi wa kompyuta hujengwa hivyohivyo, kwa chembe maelfu, kila moja na kasi, njia na umri wake. William Reeves aliikuza njia hiyo kwa ajili ya filamu ya Star Trek II ya mwaka 1982, kwenye onyesho la moto unaoenea juu ya sayari nzima.

Kwa vipimo hivyo, helikopta ya Wakaliga ina kasoro. Mwanga wake hauendani na wa mtaa, na kingo zake zinakata. Hata hivyo onyesho linasimama, na hilo ndilo ninalotaka vijana walitazame. Bunduki zilichongwa kwa vyuma chakavu na fundi Dauda Bisaso. Waigizaji wanaitazama helikopta isiyokuwepo kama ipo, na wanaanguka kwa wakati. Picha zinakatwa haraka, jicho halipewi nafasi ya kupekua. Efekti ilianza uwanjani, kabla kompyuta haijawashwa.

Soko nalo Nabwana alilijenga kwa mikono. Waigizaji walitembeza DVD mitaani wenyewe. Mwaka 2015 aliomba dola 160 kwa michango ya mtandaoni, watu wakachanga zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2019 filamu yake Crazy World ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto. Si kila mtu atapita njia ya peke yake. Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikitengeneza katuni za elimu kwa zaidi ya miaka kumi, na Mganda Raymond Malinga aliongoza Herderboy, moja ya katuni za mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotoka Disney+ mwaka 2023. Katika kazi kama hizo mmoja anachora, mwingine anatia mwendo, mwingine anashughulikia mwanga tu.

Lakini kuna pigo lililompata Nabwana linaloniuma. Kompyuta yake haikuwa na nafasi, basi kazi mpya ilipoanza, ya zamani ilifutwa. Toleo la awali la Captain Alex limepotea. Tulilonalo ni lile lenye sauti ya VJ Emmie, anayesimulia juu ya filamu kama alivyofanya mtafsiri wa filamu Lufufu kwetu. Namshukuru VJ kwa kutuachia hilo, ila filamu yenyewe hatutaisikia tena. Kwa hiyo kijana anayeleta kwangu video ya ngoro zake, swali langu la kwanza ni nakala ya pili ameiweka wapi, na kama ipo ndani ya kompyuta ileile, tunaihamisha kwanza ndipo tunaanza kazi.