AISKRIMU YA NYUMBANI: MAZIWA YA KUTUS, CHUMVI YA PWANI

Ukipakua biriani Mombasa au Lamu, huenda mchele uliomo sahanini ni pishori ya Mwea. Jirani na mashamba hayo ya mpunga ndipo ulipo mji wa Kutus, katika Kirinyaga, kwenye njia itokayo Sagana kwenda Kerugoya. Mchele wake twaujua. Leo tuyatazame maziwa yake.

Wapo ndugu zetu wa Pwani walioko bara kwa kazi, biashara na masomo, pamoja na watoto wao. Mtoto aliyezoea kununua aiskrimu ya ukwaju au ubuyu mlangoni kwa jirani, huko ugenini ataiulizia. Mama naye ana wasiwasi wake: baadhi ya aiskrimu za dukani hutiwa jelatini, naye hajui imetokana na mnyama gani. Dawa ya wasiwasi huo imo jikoni mwake mwenyewe.

Huko Kirinyaga wengi hufuga ng'ombe wa maziwa majumbani, na maziwa mabichi hununuliwa kwa jirani. Lakini kabla ya kufikiri utamu, maziwa hayo shurti yachemshwe. Wako wanaodhani kwamba barafu huua vijidudu. Sivyo, baridi huvilaza tu, na vingi huamka tena. Maziwa mabichi yaweza kuleta bruselosisi, homa itokayo kwa mifugo, au kifua kikuu cha ng'ombe. Itakuwa msiba kama mtoto ataugua wiki nyingi kwa sababu ya kikombe alichopewa kwa mapenzi siku ya Idi.

Basi chukua lita moja ya maziwa, uyachemshe pamoja na robo tatu ya kikombe cha sukari. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa kastadi katika maziwa baridi kidogo yaliyokwisha kuchemshwa, utie, na uendelee kukoroga motoni mpaka uzito uonekane. Tia iliki iliyosagwa, na zafarani ukiwa nayo. Epua, yapoe kabisa, kisha uyaweke mahali penye baridi.

Mwenye friji atauliza: kwa nini nisiyagandishe humo tu? Maziwa yakiganda yametulia hufanya chenga kubwa za barafu, yakawa magumu kama jiwe. Yakizungushwa huku yakiganda, chenga huwa ndogo na hewa huingia, ndipo yakawa laini. Friji na itumike kugandisha maji katika makopo usiku kucha.

Asubuhi, ponda kilo tatu za barafu, uchanganye na kilo moja ya chumvi ya mawe, kama ile ivunwayo Gongoni, kaskazini ya Malindi. Tia maziwa katika sufuria nyembamba yenye kifuniko, uiweke katikati ya ndoo, uizungushie barafu hiyo pande zote. Chumvi huifanya barafu iyeyuke, na barafu ikiyeyuka hunyonya joto la maziwa. Mchanganyiko huo waweza kushuka hata kukaribia nyuzi 21 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali maziwa yenye sukari huanza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri.

Sasa zungusha sufuria kwa mkono, kulia na kushoto. Kila baada ya dakika chache futa kifuniko, funua, kwangua yaliyoganda ubavuni na ukoroge. Jihadhari maji ya chumvi yasiingie. Nusu saa au zaidi itapita. Mwaka 1843 Nancy Johnson wa Marekani alipewa haki ya uvumbuzi wa mtambo wa kufanya kazi hii kwa mpini. Asiye nao ana mikono ya watu wa nyumbani. Watoto wapokezane, na baba naye asikae kando akingoja kuitwa kula. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ikiisha kushikamana, pakueni mle papo hapo, kwani haingoji mtu. Kisha, kwa aliyeko Kutus, neno moja la ujirani mwema: maji ya chumvi yaliyobaki ndooni usiyamwage shambani. Yataunguza mboga za jirani, na huyo ndiye mwenye ng'ombe.