Bei ya Mwisho Huamuliwa Nyumbani

Miongoni mwa maneno yanayomtia mnunuzi kiwewe, sijui yanayoyapiku haya matatu: "bei ya mwisho". Niliyasikia nilipokwenda kutazama nyumba mjini Nakuru. Mwenyewe alitaka shilingi milioni 6, akadokeza kuwa mnunuzi mwingine alikuwa njiani. Kazi yangu ni kuchambua lugha. Nilijua fika kwamba katika masoko yetu kauli hiyo hufungua mazungumzo badala ya kuyafunga. Hata hivyo, moyo ulinienda mbio, nusura nikubali papo hapo.

Mke wangu ndiye aliyeomba siku tatu. Usiku huo tulikaa tukapiga hesabu. Akiba yetu, pamoja na mkopo wa chama cha akiba na mikopo, ilitimia milioni 6 barabara. Lakini nyumba haina gharama ya bei peke yake. Ushuru wa stempu humwangukia mnunuzi, nao ni asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani. Kuna ada ya wakili. Na paa lile lilikuwa likivuja. Tukaafikiana kikomo chetu kiwe 5,400,000: ushuru uchukue 216,000, na 384,000 zibakie wakili na fundi.

Tulianza na dau la 5,200,000. Ili lisionekane nyonge, tuliambatanisha barua ya mkopo, tukaahidi malipo ya kwanza ya asilimia 10 mara tu hatimiliki ikishahakikishwa katika masjala ya ardhi na mkataba kutiwa sahihi mbele ya mashahidi, kama sheria yetu inavyotaka. Muuzaji mwenye haja ya fedha huweza kupenda hakika ya leo kuliko nyongeza ya kesho.

Wetu hakupenda. Alishuka hadi 5,600,000, akagoma hapo. Nasi tulipanda hadi kikomo chetu, tukagoma. Tukaagana kwa heshima, biashara haigombi.

Sisemi kwamba sikuumia. Nikipita pale huliona paa jipya, nikajua yuko aliyeweza nisichoweza. Lakini laki mbili zile zingetoka wapi ila kwenye karo ya watoto?

Wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa ni walimu wenye mishahara, huniuliza dau zuri ni lipi. Huwajibu kuwa ni lile unaloweza kulitaja bila kutetemeka, kisha usiku ukalala. Kikomo na kiwekwe nyumbani, kabla ya kuisikia sauti ya muuzaji. Ukienda kwake bila kikomo, atakuwekea yeye.